Madirisha ya Meli ya Mama

Majuzi nilikwenda kwa seremala mmoja wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, kuchukua kiti alichokuwa akinitengenezea. Nilimkuta anatoboa ubao kwa chuma alichokitoa motoni, na moshi wake mwembamba, mchungu kidogo, mtamu kidogo, ukanijia puani kabla hata sijamsalimia. Nikasimama pale mlangoni.

"Mama, kuko shida?" akaniuliza.

Nikamwambia hakuna. Lakini kwa kitambo kile sikuwa mama wa mtu yeyote. Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu, nimechuchumaa barazani kwetu kando ya mbabula, jiko letu la makaa, natazama baba akichoma dirisha la meli.

Ninyi wa rika langu mliokulia mitaa ile mtakumbuka likizo kubwa zilivyokuwa. Asubuhi baridi inauma masikio, vumbi jekundu limelala juu ya kila kitu, na katika kila baraza mbabula inafuka moshi ikingoja makaa yashike. Baba alifanya kazi kwenye karakana ya reli, upande wa breki za mabehewa. Alikuwa mtu mrefu, wa maneno machache, mwenye mikono ambayo ikishika kikombe cha chai, kikombe hukioni tena. Mama alikuwa kinyume chake: mfupi, mchangamfu, mwenye ulimi mwepesi. Alizaliwa Moba, kando ya ziwa Tanganyika, na hakuna siku iliyopita bila kututajia ziwa. Chumvi ikizidi kwenye mboga, angesema samaki wa Moba hawahitaji chumvi. Mvua ikinyesha, angesema haya si maji, mngeona maji ya kwetu.

Likizo ile tulipaswa kwenda huko. Treni mpaka Kalemie, halafu meli mpaka Moba, kwa nkambo, mama yake mama, ambaye mimi sikuwa nimewahi kumwona. Valizi ilishafungwa. Nilikuwa nimewatangazia watoto wa mtaa mzima. Kisha siku moja baba na mama walirudi kutoka kwa daktari, mama akaenda moja kwa moja kitandani, na baba akaketi sakafuni mbele ya valizi, akaanza kutoa nguo moja moja na kuzirudisha kabatini. Alizikunja vizuri kuliko alivyozoea.

Mama alikuwa na mimba. Daktari alikuwa amemwambia alale, asisafiri, asiteke maji, asipande hata ngazi ya mlangoni mpaka mtoto azaliwe. Mwaka uliotangulia alikuwa amepoteza mimba nyingine. Mimi sikuambiwa hivyo; nilichoona ni kwamba kitanda kidogo tulichoazimwa na jirani kilirudishwa, na watu wazima wakaacha kukitaja. Kwa hiyo sikujua kwa nini baba alikuwa akiamka na kwenda kusimama mlangoni pa chumba, akimsikiliza mama anavyopumua. Nilifikiri anataka kujua kama uji uko tayari.

Kitanda kilisogezwa karibu na dirisha la sebuleni, ili mama aone baraza na watu wanaopita. Siku chache baadaye baba akarudi kutoka kazini na mbao za kasha la nyanya kwapani na kipande cha triplex, ule ubao mwembamba wa tabaka tabaka, akavitupa barazani.

"Ni nini ile?" mama akauliza toka dirishani.

"Ni bato," baba akasema, yaani meli. "Kama weye hauwezi kuenda kwa bato, bato itakuja kwako."

Mama akainua kichwa, akasema, "Bato gani?"

"Ile yetu."

Ile yao niliijua, kwa sababu ilisimuliwa kila Krismasi. Baba, kijana wa reli, alikuwa ametumwa Kalemie kwa kazi, akapanda meli ya kwenda Moba kutembea tu siku ya mapumziko. Alikuwa amesimama nje, kwenye upepo, akageuka, na katika dirisha mojawapo akaona msichana anakula karanga na kutema maganda ndani ya kitambaa ili asichafue meli. Hivyo ndivyo nilivyokuja duniani, kwa maganda ya karanga.

"Basi sikia," mama akasema. "Dirisha zake zilikuwa za kare. Si za mviringo. Za kare, na pembe zake zote ine. Usiniletee bato ya mutu mwingine."

Baba akacheka. Akaniambia mimi, huku akipima ubao, "Umesikia, Mado? Moba tutaenda na hii."

Alikuwa akitania, bila shaka. Lakini baba alitania mara chache sana, na mimi nililichukua neno lake kama lilivyo. Tungekwenda Moba kwa meli hii. Sikujiuliza ingekuaje. Watu wazima walikuwa na njia zao. Mahindi yalikuwa madogo yakawa makubwa, kwa nini si meli? Nilichojiuliza ni jambo moja tu: tutaingilia wapi?

Kiunzi cha meli kilimtoka baba haraka. Mbao za kasha zilikubali kukunjwa zikilowekwa maji ya moto, na baada ya majuma machache meli ilikuwa na tumbo, pua na mkia, ndefu kama mkono wangu toka begani mpaka vidoleni. Shida ilianza kwenye nyumba ya juu, ile wanamoketi abiria, ambayo kuta zake zilikuwa za triplex. Hapo ndipo madirisha yalipotakiwa kuwa.

Mara ya kwanza baba alipiga msumari, na ubao ukapasuka. Mara ya pili alitoboa kwa keke, polepole, akapata tundu safi lakini la mviringo. Akachukua wembe ili akate pembe, na triplex ikaanza kubanduka tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Alinyanyua kazi yake mpaka dirishani.

Mama akaitazama kwa makini. "Hii si dirisha. Hii ni shimo ya panya."

"Panya wa kare," baba akajitetea.

"Panya hana kare."

Siku iliyofuata ndipo alipoleta msumari mnene alioupondaponda kazini juu ya kipande cha reli mpaka ukawa na pande nne zilizo sawa. Tuliuweka ndani ya makaa ya mbabula. Ulipogeuka rangi ya pilipili iliyoiva baba aliushika kwa koleo, akausukuma kwenye ubao, na ule moshi ukapanda. Tsss! Nilipiga makofi. Kweli lilikuwa dirisha, lina pembe nne! Lakini moto hauishii pale unapotaka. Kila dirisha lilizungukwa na ukingo mweusi, na kwa nyuma tundu lilikuwa limepanuka ovyo. Mama alipoonyeshwa alicheka mpaka akafunga macho.

"Bato yako imejipaka rangi ku macho. Inaenda kucheza ku fête?"

Baba alicheka pia. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeingiza kidole changu kidogo kwenye lile dirisha na kimekwama kwenye kiungo cha kwanza. Nikatazama kidole, nikamtazama mama, ambaye kila siku alikuwa akizidi kujaa chini ya shuka. Hakuna mtu mwingine nyumbani aliyeonekana kuliona tatizo hili.

Basi mchana ule, chakula kilipoletwa kitandani, bukari, ule ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo na dagaa wa ndakala wa kukaanga, nilinyoosha mkono nikaondoa nusu ya bukari ya mama na kuiweka kwenye sahani yangu.

"Eh! Weye mutoto!" mama akasema. "Njaa gani hiyo?"

"Sina njaa."

"Sasa juu ya nini unanyang'anya mama yako?"

Nikaona bora niseme. "Mama, usikule sana. Dirisha ni kidogo. Miye na baba tutaingia, weye utabakia hapa."

Kwanza walitazamana. Kisha mama akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, kitanda kikalia chini yake, ndakala wakaruka kwenye shuka. Baba aliinuka ghafla, uso umebadilika. "Usicheke! Acha, acha kucheka! Daktari amesema ..."

"Daktari hakukataza kucheka," mama akasema akifuta machozi. "Alikataza ngazi."

Na hakuna aliyenisahihisha. Baba aliketi tena, akanirudishia uso wake wa kazi, akasema kama anayezungumza na fundi mwenzake: "Ni kweli. Tutaangalia kipimo."

Leo naona alivyokuwa na hofu mtu yule, na jinsi madirisha yalivyokuwa mahali pekee pa kuiweka. Tumbo la mama hakuweza kulishika kwa koleo. Ubao aliweza.

Mara ya nne aliazima kule karakana tupa nyembamba, ya pande nne, ndogo kama mkia wa mjusi. Alitoboa tundu dogo la mviringo kwa keke, akaingiza tupa, akasugua pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, bila haraka, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo. Kazi yangu ilikuwa kupuliza unga wa mti. Nilipuliza kwa bidii mpaka nikaona nyota. Madirisha matatu yalitoka mazuri, meupe, yaliyonyooka, na mama aliyapokea bila neno la kejeli; alisema tu, "Ehee. Sasa tunaanza kuelewana." Baba akaingiza tupa kwenye la nne. Ikalia *ka!* Vile vipande vyembamba vilivyobaki kati ya dirisha na dirisha vikakatika vyote kwa mkupuo, na madirisha yote yakawa dirisha moja refu, limeachama.

Baba aliuweka ubao chini. Hakuutupa. Mama aligeuza uso kwenye krosheti aliyokuwa akiifuma.

Asubuhi iliyofuata au ya pili yake, niliamka nikakuta gari la jirani mlangoni, na baba amembeba mama kama anavyobebwa mtoto aliyesinzia. Mama aliniambia nisiogope, akaniambia nichane nywele. Walimpeleka hospitali ya watawa, na huko wakamweka. Tantine Georgette, dada mdogo wa baba, akaja kukaa nasi. Alikuwa mtu wa nyimbo na vyungu vinavyogongana, lakini siku zile aliimba kwa sauti ya chini. Baba alipanda juu ya kiti, akaiweka meli juu ya kabati, mbali, na akitoka kazini alikaa tu barazani, mikono imelala magotini kama vyombo vya mtu mwingine.

Watoto hawakuruhusiwa hospitalini. Lakini Jumapili baada ya misa Tantine alinivika gauni la komunyo la binamu yangu, akaniambia nitembee kama mtu mzima, na ma soeur wa zamu, mtawa mwenye miwani minene, akaangalia ukutani tulipokuwa tunapita. Nafikiri aliangalia ukutani makusudi.

Mama alikuwa kwenye kitanda cha mwisho, mdogo zaidi ya nilivyomkumbuka isipokuwa tumbo. Alikuwa akifuma kitambaa cheupe cha mtoto. Nilishika kitambaa. Kilikuwa kimejaa matundu madogo, mistari na mistari, yote yamelingana. Na yote yalikuwa ya kare.

"Mama, hizi shimo unatoboaka na nini?"

"Sitoboe."

"Sasa zinatoka wapi?"

Alinisogezea ile sindano yenye ndoano. "Angalia. Uzi unapita chini. Unapanda hapa. Unaruka kidogo, unapanda tena hapa. Kiisha unapita juu. Pa katikati haugusi." Akanionyesha tundu jipya, limetokea mbele ya macho yangu. "Naachaka nafasi tu. Kare inajitengeneza yenyewe."

Nilirudi nyumbani nikikimbia, pindo la gauni la watu nimelikunja mkononi, Tantine akinipigia kelele nyuma. Baba alikuwa palepale barazani.

"Baba, mama hatoboake!"

"Nini?"

"Dirisha. Hatoboake. Anaachaka nafasi. Unapita chini, unapanda, unaruka, unapanda, unapita juu."

Akaniambia nirudie. Nikarudia, nikichora kwa kidole kwenye vumbi: mstari chini, vijiti vilivyosimama, mstari juu. Alitazama vumbi lile kwa muda mrefu. Kisha aliinuka, akaingia ndani, nikasikia kiti kikiburutwa mpaka kwenye kabati.

Alichana ubao wa kasha katika fito mbili nyembamba, ndefu sawasawa na ukuta wa meli: moja ya chini, moja ya juu. Vya kusimama katikati vilikuwa njiti za kiberiti, ambazo mkizitazama vizuri mtaona nazo zina pande nne. Tantine aliona kiberiti chake cha jikoni kinakatwa vichwa, akarudi kwenye vyungu vyake. Ilibaki shida ya kulinganisha nafasi. Baba alijaribu kwa jicho, ikapinda. Hapo nilikwenda kuleta dadu ya ludo yangu, kwa sababu nilijua hakuna kitu cha kare kuliko dadu. Baba aliipokea bila kucheka, akaigeuza geuza, akaisugua sabuni ili gundi isiishike.

Na hivyo ndivyo tulivyofanya. Gundi kwenye fito ya chini. Njiti. Dadu ikae kando yake. Njiti nyingine, ibanwe mpaka iguse dadu. Kisha mimi, mwenye vidole vidogo kuliko wote nyumbani, nachomoa dadu kabla gundi haijakauka, na tunasonga mbele. Njiti, dadu, njiti, chomoa. Tantine alikuja kusimama nyuma yetu na mwiko mkononi, akaanza kuimba juu ya kila dadu inayotoka, na safari hii aliimba kwa sauti yake yote. Fito ya juu ilipolala juu ya zile njiti, baba aliinua ukuta mzima mbele ya jua la alasiri. Upande wa pili, kwenye ukuta wa nyumba, ikaanguka safu ya mwanga, vipande vidogo vya kare, urefu wa meli nzima. Hakuna kilichokuwa kimetobolewa. Hakuna kilichokuwa kimechomwa.

Baba alinipa mkono, kama wanavyopeana wanaume kwenye lango la karakana.

Jumapili iliyofuata tuliipeleka. Tantine aliiweka meli ndani ya beseni, akaliweka beseni kichwani, pua ya meli ikitangulia. Baba alivaa koti. Tulitembea kwa miguu katikati ya mji, na ninyi mnaijua Lubumbashi, hakuna aliyeweza kutuacha tupite kimya.

"Mama! Bato hiyo inaenda wapi?"

"Moba!" Tantine alijibu kila mara, bila kugeuza shingo.

"Na mayi iko wapi?"

"Tunaenda kuitafuta!"

Ma soeur mwenye miwani alitusimamisha mlangoni. Akaichungulia meli, akasogeza pua yake karibu na madirisha. "Na hii, ni nini?" akamuuliza baba.

Baba, mtu wa maneno machache, akasema, "Ni dawa, ma soeur."

Ma soeur akaangalia ukutani tena.

Kando ya kitanda hapakuwa na meza. Basi mama akasema iwekwe hapo, juu ya tumbo lake, akaishika kwa mikono miwili. Alipitisha ncha ya kidole juu ya madirisha, moja baada ya jingine, akigusa pembe zote, na nilimwona baba amekaza taya akisubiri neno la panya.

"Miye nilikaa hapa," mama akasema hatimaye, kidole kikiwa kwenye dirisha la tatu.

"Hapana. Hapa, la nyuma. Miye ndio nilikuwa nje, nilikuona."

"Weye uliona karanga."

"Niliona karanga na muntu."

Nilishindwa kuvumilia. "Mama, lakini angalia. Hautaweza kuingia."

Mama akakitumbukiza kidole chake dirishani mpaka kiungo cha kwanza, palepale kilipokwama changu, akanitazama kwa uso mzito kabisa. "Angalia wee mwenyewe. Nimeshaingia."

Na wakati huohuo meli ikaruka. Ndiyo, iliruka. Pua ikapanda, mkia ukashuka, ikarudi, ikapanda tena. Mama hakuwa ameigusa. Mtoto alikuwa amepiga teke kwa chini, na baada ya teke la kwanza akapiga la pili, na meli ya baba ikawa inapanda na kushuka juu ya shuka nyeupe kama iliyo kwenye mawimbi ya kweli. Mwanamke wa kitanda cha pili akainuka kwenye kiwiko. "Eee! Kapiteni ameamka!" Mwingine akapaza sauti kutoka kule dirishani, "Kapiteni, polepole, bantu watatapika!" Wodi nzima ikacheka, mama akacheka, na safari hii baba hakumwambia aache. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akaweka ule mkono wake mkubwa kando ya meli, juu ya tumbo, akauacha hapo ukipanda na kushuka.

Mtoto alizaliwa mvua za kwanza zilipoanza kupiga mabati, mzima, mwenye kelele, na vichwa vya watu vilikuwa vimejaa barazani kwetu siku mama alipomleta. Walikuwa wamemwandalia jina zuri la babu, jina la ukoo wa baba, na padre alilisoma vizuri siku ya ubatizo. Halikumsaidia. Habari ya wodi ilikuwa imeshafika mtaani kabla yake. Leo yeye ni dereva wa lori la njia ya Kasumbalesa, ana kilo nyingi, hajui kuogelea hata kidogo, na hakuna anayemwita jina lake.

Siku ile alipoletwa nyumbani nilikalishwa kwenye kiti, mgongo umenyooka, akawekwa mapajani mwangu ndani ya kile kitambaa cheupe. Wanawake wakaanza kuingia wakikung'uta mvua miguuni.

"Kapiteni iko wapi?" wakauliza. "Tumuone Kapiteni."

Nikainua ncha ya kitambaa, kidogo tu, ili baridi isimwingie.

"Iko analala," nikawaambia. "Musifanye kelele. Ametoka safari."